Tarehe kama Kipimo: Ushughulikiaji wa Thamani za Tarehe katika Msimbo wa Takwimu kwa Mifano ya Msimbazi na Kariakoo, Dar es Salaam

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna thamani za tarehe zinavyopaswa kusomwa, kuhifadhiwa na kuunganishwa katika msimbo wa takwimu, hususan ule unaoandikwa kwa lugha ya R. Mifano imetolewa katika matukio yanayojulikana ya Bonde la Msimbazi na Kariakoo: mafuriko ya Desemba 2011, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, moto wa Soko la Kariakoo wa tarehe 10 Julai 2021 na kuporomoka kwa jengo la ghorofa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Inajengwa hoja kwamba tarehe ni kipimo chenye kanuni zake kama vilivyo vipimo vingine, na kwamba kosa linalozaa tarehe halali isiyo ya kweli lina madhara makubwa kuliko lile linalosimamisha programu.

1.0 Utangulizi

Mto Msimbazi ni mto mfupi. Unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Kwa kuwa ni mfupi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde lake imejengwa nyumba na barabara, maji ya mvua hufika Jangwani ndani ya saa chache tu. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyosababisha vifo vya watu wasiopungua 40 jijini Dar es Salaam na kuzifanya familia nyingi za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, yalitokana na mvua iliyonyesha kuanzia tarehe 20 mwezi huo.

Mtafiti anayetaka kujua ni kiasi gani cha mvua kinachotosha kufurisha Jangwani hulazimika kuunganisha angalau majedwali matatu: vipimo vya mvua vya kituo cha hali ya hewa, makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti, na taarifa za mafuriko zilizotolewa na wakazi au kuchapishwa magazetini. Safu pekee inayoyaunganisha majedwali hayo ni ile ya tarehe. Iwapo safu hiyo itateleza kwa siku moja katika jedwali mojawapo, mvua itaonekana imenyesha baada ya mafuriko, au uhusiano uliopo utapungua nguvu kiasi cha kuonekana haupo. Kiwango cha tahadhari kitakachopendekezwa kwa wakazi wa mabondeni kitakuwa kimekokotolewa kwa mvua ya siku nyingine.

Pamoja na uzito huo, sura za mbinu za utafiti katika tasnifu nyingi hueleza kwa kina sampuli na majaribio ya kitakwimu, lakini hupita kimya juu ya namna tarehe zilivyosomwa. Ukimya huo unatokana na dhana kwamba tarehe ni jambo linalojieleza lenyewe. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba sivyo.

2.0 Tarehe ndani ya kompyuta

Ndani ya programu za takwimu, tarehe ni namba ya siku zilizopita tangu siku fulani iliyochaguliwa kuwa mwanzo. Kinachoonekana kwenye kioo, yaani siku, mwezi na mwaka, ni vazi tu la namba hiyo. Tatizo ni kwamba programu hazikubaliani juu ya siku ya mwanzo. R huhesabu kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Stata na SAS huanzia tarehe 1 Januari 1960. SPSS huhesabu sekunde kuanzia tarehe 14 Oktoba 1582, ambayo ni mkesha wa siku ya kwanza ya kalenda ya Gregori. Kwa hiyo, siku ya moto wa Soko la Kariakoo, yaani tarehe 10 Julai 2021, ni 18818 kwa R, 22471 kwa Stata na 44387 kwa lahajedwali la Excel. Namba hizi tatu zinataja siku ileile.

Excel inahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa data nyingi za utafiti nchini huingizwa kwanza humo. Mfumo wake wa kawaida huhesabu tarehe 1 Januari 1900 kuwa siku ya 1, na huamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa mrefu, wenye tarehe 29 Februari. Siku hiyo haikuwapo kamwe. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ili majedwali ya zamani yaendelee kufanya kazi, na limeachwa hadi leo kwa sababu ileile. Ndiyo maana mwanzo sahihi wa kuhamishia namba za Excel kwenda R, kwa tarehe zote zinazofuata Februari 1900, ni "1899-12-30":

as.Date(44387, origin = "1899-12-30")

Amri hii hurudisha 2021-07-10. Anayeandika "1900-01-01" kwa kufuata mantiki ya kawaida atapata tarehe 12 Julai 2021: siku moja imeongezeka kwa kuwa Excel huanza kuhesabu kwa 1 badala ya 0, na nyingine kwa sababu ya tarehe 29 Februari ya kufikirika. Siku mbili hazionekani kwa macho katika jedwali lenye safu mlalo elfu kadhaa. Tangu toleo la R 4.3.0 la mwaka 2023, namba inaweza kugeuzwa kuwa tarehe bila kutaja mwanzo wowote, na R hutumia mwanzo wake wa 1970. Hapo 44387 huwa tarehe 12 Julai 2091. Kosa hili la pili lina nafuu, kwa maana kila mtu ataliona. Vilevile, baadhi ya mafaili ya Excel yaliyotengenezwa katika kompyuta za zamani za Macintosh huanzia mwaka 1904, na tofauti yake na mfumo wa kawaida ni siku 1,462.

3.0 Kusoma tarehe zilizoandikwa kwa mtindo wa Tanzania

Nchini Tanzania tarehe huandikwa kwa kuanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo huja zikiwa zimewekwa katika mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Matukio mawili ya Kariakoo yanaonesha vizuri kinachotokea. Kuporomoka kwa jengo kulitokea tarehe 16/11/2024. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani haiwezi kuisoma tarehe hii, kwa kuwa hakuna mwezi wa 16. Huiacha kama maandishi, au hutoa NA, yaani thamani iliyokosekana. Moto wa soko ulitokea tarehe 10/07/2021. Hii husomwa bila kipingamizi chochote kuwa tarehe 7 Oktoba 2021. Tukio limesogea siku 89 mbele, limetoka katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Serikali na kuingia ya pili, na hakuna onyo lililotolewa.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuhesabiwa. Katika mwaka wa siku 365, tarehe 144 zina siku isiyozidi 12, na ndizo pekee zinazoweza kusomwa kinyume. Kati ya hizo, 12 hazibadiliki hata zikigeuzwa, kama vile 4/4 na 12/12. Zinabaki tarehe 132, sawa na asilimia 36 ya mwaka, ambazo hubadilika kimyakimya. Nyingine 221 hushindwa kusomwa. Mtafiti anayeziondoa zilizoshindwa kwa hoja ya kwamba ni data zilizokosekana hubaki na tarehe 144, ambazo 132 kati yake si za kweli. Amezitupa zile ambazo zingemwonya, akazihifadhi zilizoharibika.

Kwa data za mvua, madhara yana sura ya pekee. Siku 12 za kwanza za mwezi wa Aprili, ambao kwa Dar es Salaam ndio kitovu cha masika, zikigeuzwa huwa tarehe 4 ya kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba. Hali kadhalika kwa miezi mingine yote. Mvua ya masika hutawanywa sawasawa mwaka mzima, na grafu ya wastani wa mvua kwa mwezi hulala bapa. Mtafiti asiyeijua pwani anaweza hata kuandika kwamba majira yamefifia kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Kinga yake ni rahisi: chora mgawanyo wa siku za mwezi, kuanzia 1 hadi 31. Ukiishia ghafla kwenye 12, tarehe zimegeuzwa.

R nayo ina mtego wake. Amri as.Date isipopewa muundo, hujaribu miundo miwili tu, yote ikitanguliza mwaka: ule wenye vistari na ule wenye mikwaju. Kwa hiyo:

as.Date("20/12/2011")

hurudisha 0020-12-20. Siku ya 20 imekuwa mwaka wa 20 wa enzi ya Masihi, na tarakimu mbili za kwanza za 2011 zimekuwa siku. Kwa kanuni hiyohiyo, tarehe zote za karne hii huangukia siku ya 20 ya mwezi. Mwezi wenyewe hubaki sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo: anayechora mvua kwa mwezi pekee hatagundua lolote. Muundo hauna budi kutajwa waziwazi, as.Date(x, format = "%d/%m/%Y"), na herufi Y iwe kubwa. Ikiandikwa ndogo, R husoma tarakimu mbili tu za mwaka na kupuuza zinazobaki, hivyo miaka 2011, 2015, 2021 na 2024 yote huwa 2020.

Mwaka wa tarakimu mbili una tatizo jingine. R huzipa tarakimu 00 hadi 68 karne ya ishirini na moja, na 69 hadi 99 karne ya ishirini. Excel, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukata kwenye 29. Mvua ya Desemba 2011 ililinganishwa na ya mwaka 1954. Mwaka huo ukiandikwa "54" huwa 2054 kwa R na 1954 kwa Excel. Kwa tafiti zinazohusu tarehe za kuzaliwa za wazee, suala hili halivumiliki.

Zipo pia tarehe zilizoandikwa kwa majina ya miezi. R husoma majina hayo kwa lugha iliyowekwa katika mfumo wa kompyuta, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Vifupisho vya Kiswahili Jan, Feb, Apr, Jun, Jul, Sep na Nov vinafanana na vya Kiingereza, hivyo husomwa. Mac, Mei, Ago, Okt na Des havisomwi, na huwa NA. Upotevu huu haukutokea kwa nasibu. Miezi miwili kati ya mitatu ya masika na miwili kati ya mitatu ya vuli imetoweka yote, ilhali kiangazi kimebaki karibu kizima. Mbinu za kawaida za kujaza thamani zilizokosekana hudhani kwamba ukosefu hautegemei thamani yenyewe. Hapa unategemea, na hautarekebishika kwa mbinu hizo. Njia ya uhakika ni kutengeneza jedwali dogo la miezi kumi na miwili ya Kiswahili na namba zake, na kubadili jina kuwa namba kabla ya kuita as.Date. Njia hiyo haitegemei lugha ya kompyuta yoyote.

4.0 Siku huanza lini?

Makosa yaliyotangulia ni ya uandishi. Yanayofuata ni ya maana, na ni magumu zaidi, kwa sababu kila jedwali liko sahihi kwa kanuni zake lenyewe.

Katika vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki, kipimo cha mvua husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 06:00 kwa UTC, yaani saa sanifu ya dunia. Kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Kwa hiyo, kiasi kilichosomwa Jumatano tarehe 21 Desemba 2011 kilinyesha kuanzia saa tatu asubuhi ya Jumanne tarehe 20. Kati ya saa hizo 24, saa 15 ni za tarehe 20 na 9 tu ni za tarehe 21. Baadhi ya majedwali huandika kiasi hicho kwa tarehe ya kusoma, mengine kwa tarehe ya kuanza. Hakuna amri ya kompyuta inayoweza kubaini ni ipi iliyotumika. Hapana budi kuuliza au kusoma maelezo ya data.

Makadirio ya setilaiti, kwa mfano yale ya IMERG yanayotolewa kila nusu saa, hujumlishwa kwa siku ya UTC. Siku hiyo huanza usiku wa manane wa UTC, ambao kwa Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Ulinganifu wa majedwali hayo mawili unaweza kukokotolewa kamili. Kipimo cha kituo kikibandikwa tarehe ya kusoma, 21, na kuunganishwa na siku ya setilaiti ya tarehe 21, vinashirikiana saa 6 tu kati ya 24. Kikirudishwa siku moja nyuma na kuunganishwa na siku ya setilaiti ya tarehe 20, vinashirikiana saa 18. Mtafiti anayeripoti kwamba setilaiti haiaminiki kwa Dar es Salaam, kwa sababu uwiano wake na kituo ni mdogo, anapaswa kwanza kuonesha ni saa ngapi zilizolinganishwa. Kwa data za nusu saa zipo njia bora zaidi: kujumlisha upya kuanzia 06:00 UTC hadi 06:00 UTC, ili saa zote 24 zilingane.

Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, na haibadilishi saa kwa msimu kama zifanyavyo nchi nyingi za Ulaya. Hivyo sehemu kubwa ya maonyo yaliyomo katika vitabu vya nje kuhusu saa za kiangazi haihusiki hapa. Tofauti ya saa tatu, hata hivyo, inatosha kuharibu. Tuchukue mfano wa kubuni wa maji yaliyoingia nyumbani saa nane usiku, yaani 02:00, tarehe 21 Desemba:

x <- as.POSIXct("2011-12-21 02:00")
as.Date(x, tz = "UTC")

Kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Dar es Salaam, mstari wa pili hurudisha tarehe 20. Kwenye seva iliyowekwa UTC, kama zilivyo seva nyingi za kukodi, msimbo huohuo hurudisha tarehe 21. UTC imeandikwa hapa ili ionekane, lakini kwa miaka mingi imekuwa ndiyo chaguo-msingi la as.Date kwa thamani za aina hii, kwa hiyo mwandishi wa msimbo huitumia pasipo kujua. Matukio yanayoathirika ni yale yote ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, ambayo ndiyo yanayowakuta watu wamelala. Dawa ni kutaja eneo katika mistari yote miwili, tz = "Africa/Dar_es_Salaam", badala ya kutegemea kompyuta iliyo mezani.

Chanzo cha tatu, yaani masimulizi ya wakazi, kina kanuni za saa zilizo tofauti na zote hizo. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, kwa hiyo saa moja asubuhi ni 07:00 na saa moja usiku ni 19:00. Ugeuzaji wake si suala la kuongeza sita tu. Saa mbili usiku ni 20:00, lakini saa nane usiku ni 02:00 ya tarehe inayofuata. Saa kumi na mbili ndiyo hukosewa zaidi: ya asubuhi ni 06:00, na ya jioni ni 18:00, ilhali msimbo unaoongeza sita kwa kila saa isiyo ya usiku huzifanya zote mbili 18:00. Kwa sababu hiyo, neno linalofuata saa, liwe asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, ni sehemu ya data. Dodoso lenye kisanduku cha namba pekee limekwisha kuipoteza taarifa kabla msimbo haujaandikwa.

Lugha yenyewe ina nyenzo za kuondoa utata, iwapo mtafiti atazihifadhi. Msimulizi anaposema maji yaliingia "usiku wa kuamkia tarehe 21", ametaja usiku mmoja usio na shaka, ulioanza jioni ya tarehe 20. Saa mbili ya usiku huo ni ya tarehe 20, na saa nane ni ya tarehe 21. Anaposema tu "saa nane usiku, tarehe 20", zipo tafsiri mbili zinazowezekana, kwa kuwa wengi huuhesabu usiku mzima kuwa wa siku iliyokwisha kucha. Kwa wazee wengi wa pwani ipo hata ya tatu, kwani kwa hesabu ya mwezi mwandamo siku huanza magharibi: tarawehe husaliwa usiku unaotangulia siku ya kwanza ya mfungo, na usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mkusanyaji data anayelifupisha jibu hilo kuwa "20/12/2011 08:00" ameandika saa mbili asubuhi ya siku ambayo huenda si yenyewe. Inafaa maneno ya msimulizi yahifadhiwe katika safu yake, na tarehe iliyokokotolewa iwekwe katika safu nyingine, ili mtahini aweze kuufuata uamuzi huo na kuupinga akiona vema.

Jambo moja la mwisho kuhusu saa. R inapotoa thamani moja ya wakati kutoka nyingine, huchagua yenyewe kizio cha jibu: sekunde, dakika, saa au siku, kwa kuangalia tofauti iliyo ndogo kuliko zote katika safu. Muda kati ya mvua na mafuriko ukiwa ni saa 5, 9 na 14, jibu hutolewa kwa saa. Likiongezwa tukio moja lenye tofauti ya dakika 40, safu nzima hugeuka kuwa dakika. Anayelipitisha jibu hilo katika as.numeric hupoteza kizio, na mgawo wa modeli yake hubadilika mara sitini kwa sababu ya safu mlalo moja iliyoongezwa. Kizio kitajwe: difftime(b, a, units = "hours").

5.0 Wiki

Takwimu za magonjwa ya mlipuko huripotiwa kwa wiki. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam katikati ya Agosti 2015 kiliendelea hadi mwaka uliofuata, na kwa bahati mbaya kwa waandishi wa msimbo, mwaka 2015 ni mmojawapo wa miaka yenye wiki 53 kwa kiwango cha ISO 8601. Kwa kiwango hicho wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Wiki ya 53 ya 2015 ilianza Jumatatu tarehe 28 Desemba 2015 na kuisha Jumapili tarehe 3 Januari 2016.

Msimbo unaoandika format(x, "%Y-%V") huipa Ijumaa tarehe 1 Januari 2016 jina "2016-53". Wiki hiyo haipo, kwa maana mwaka 2016 una wiki 52 tu. Katika grafu, wagonjwa wa siku tatu za mwanzo wa mwaka huonekana mwishoni mwa mwaka, baada ya Desemba 2016, kana kwamba ugonjwa ulizuka upya, na wiki halisi ya 53 hubaki na siku nne tu, kana kwamba ulikuwa umepungua. Herufi sahihi ni %G, yaani mwaka wa wiki, ikiambatana na %V. Upande wa pili, R haiwezi kurudisha wiki kuwa tarehe kwa herufi hizo. Katika kusoma, huipuuza %V na kujaza siku na mwezi wa leo, hivyo as.Date("2015-33", "%Y-%V") hutoa jibu tofauti kila siku msimbo unapoendeshwa. Tasnifu iliyotumia amri hiyo haitatoa matokeo yaleyale mbele ya mtahini.

Kuhusu siku za wiki, namba zina mgongano ulio ndani ya Kiswahili chenyewe. Jumamosi ni mosi na Jumatano ni ya tano, ilhali Alhamisi, kwa asili yake ya Kiarabu, nayo ni ya tano kwa hesabu inayoanzia Jumapili. ISO huipa Jumatatu namba 1, na herufi %w ya R huipa Jumapili namba 0. Dodoso linaloandika "siku ya 3" kwa ajili ya siku ya gulio haliwezi kutafsirika bila ufunguo. Jina la siku liandikwe kwa ukamilifu.

6.0 Mwezi na mwaka wa fedha

Mwezi si kizio cha urefu usiobadilika. Mkataba wa fremu Kariakoo ukianza tarehe 31 Januari na kodi ikalipwa kila mwezi, amri ya seq ya R hutoa tarehe 3 Machi kuwa siku ya malipo ya pili katika mwaka usio mrefu, kwa kuwa 31 Februari haipo. Pakiti ya lubridate ina alama ya %m+% inayorudi kwenye tarehe 28 Februari. Zote mbili ni kanuni halali. Mtafiti aeleze aliyoichagua, na ichukuliwe ile inayofuatwa na wenye fremu wenyewe.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai. Amri ya quarters hutoa robo za kalenda, kwa hiyo tarehe 10 Julai 2021 huwekwa robo ya tatu, ilhali kwa bajeti ni robo ya kwanza ya 2021/22. Kutoa miezi sita kabla ya kukokotoa robo hutatua jambo hilo.

7.0 Uhakiki

Magazeti na taarifa rasmi nchini mara nyingi hutaja siku ya wiki pamoja na tarehe. Wakusanyaji wengi wa data huiacha siku hiyo kwa kuiona ni ya ziada, ingawa hufanya kazi ileile ya tarakimu ya ukaguzi katika namba za akaunti. Moto wa Soko la Kariakoo ulitokea Jumamosi. Tarehe 7 Oktoba 2021, inayopatikana kwa kugeuza siku na mwezi, ni Alhamisi, kwa hiyo kosa hujitangaza. Kuporomoka kwa jengo tarehe 16 Novemba 2024 nako kulikuwa Jumamosi, na mvua ya tarehe 20 Desemba 2011 ilianza Jumanne. Tarehe iliyoteleza kwa siku moja au mbili haiwezi kamwe kupita ukaguzi huu, na iliyogeuzwa hupita mara chache tu, pale siku mbili zinapoangukia siku moja ya wiki.

Kwa vitendo, safu ya siku ya wiki iingizwe kama ilivyo katika chanzo, kisha msimbo uilinganishe na ile inayokokotolewa kutokana na tarehe iliyosomwa, na usimame pasipolingana:

stopifnot(as.integer(format(tarehe, "%u")) == siku_namba)

Hapa siku_namba ni namba ya ISO iliyotolewa kwenye jina la Kiswahili kwa jedwali dogo la siku saba, Jumatatu ikiwa 1 na Jumapili 7. Mstari huo uwekwe mara baada ya kusoma data na kabla ya kuunganisha majedwali. Matukio matatu yaliyotajwa, ambayo namba zake za R ni 15328, 18818 na 20043, yanaweza kuwekwa juu ya faili la msimbo kama jaribio la kudumu, na jaribio hilo liendeshwe katika kompyuta ya mtafiti na katika kompyuta nyingine iliyowekwa saa za UTC.